Ziada ya Bwana Mita

Bwana Mita hakupewa jina hilo kwa heshima. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka mitaani na daftari kwapani akisoma mita za umeme kwenye nyumba za watu, na kila alipogonga geti, waliokuwa ndani walinong'onezana, "Mita huyo," kwa sauti ile ile ambayo wangesema nyoka kaingia jikoni. Alisoma mita akiwa na homa. Alisoma mita ya nyumba yenye msiba, watu wamekaa chini wanalia, akawaomba wafiwa wasogee kidogo kwa sababu walikuwa wameegemea boksi. Siku aliyostaafu, shirika lilimpa cheti chenye fremu na saa ya ukutani ambayo haikumaliza mwezi ikasimama. Aliirudisha, wakamwambia haina dhamana. Akaapa palepale kaunta kwamba shirika lile halitamuuzia tena hata mwanga wa kutafutia mswaki.

Kiinua mgongo chake kikapanda juu ya bati. Paneli nane za sola, betri mbili stoo, na ukutani inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, yenye kioo kidogo cha namba. Asubuhi, kabla hajanawa uso, anakwenda kukiangalia kile kioo. Akila, anainuka katikati ya tonge akakiangalie. Mkewe alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mumewe ameoa mke wa pili, mwembamba, wa kijani, anayekaa stoo na wala hadai nguo.

Huyo mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye lilikuwa halifumuki, nguo ichakae, irithiwe, igeuzwe tambara la kufutia meza, pindo liko palepale. Alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kukusema kuanzia kisogo hadi kisigino huku kashika pini tano mdomoni, na usione hata moja ikidondoka. Nyumba ile ilijengwa na mshahara wa mita, lakini iliezekwa, ikasakafiwa, na binti mmoja akasomeshwa, kwa mkono wa kulia wa mama huyo. Yeye mwenyewe alikuwa anajua hivyo, na hakuacha kukumbusha.

Basi siku moja alikuwa anashona kola. Mkono ule wa kulia ukadondoka juu ya kitambaa kama kitu cha mtu mwingine, na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Mdomo ulirudi baada ya wiki tatu, mguu nao ukafuata, ila mkono ukabaki. Vidole vilijikunja kwenye kiganja, na ngozi ikawa haina habari. Umfinye, umchome na sindano yake mwenyewe, anakutazama tu.

Hospitali kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kwa umri lakini hana simile. Aliushika mkono ule akaugeuza huku na huku, akasema, "Mama, huu haujafa. Umelala. Maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, robo saa kila mara, kisha unanyoosha kidole kimoja kimoja. Uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto mchanga, usizidi hapo. Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye faida. Baada ya hapo, ulivyokaa ndivyo umekaa."

"Nitashona tena?" Mama Pindo akauliza.

"Ukifanya ninavyokwambia, kwa nini usishone?"

Bwana Mita aliandika yote. Kuandika hajambo.

Sasa mtu mwingine yeyote, mimi au wewe, angefika nyumbani akabandika sufuria jikoni. Maji yapate moto, uchanganye na ya baridi, yamekwisha. Lakini Bwana Mita alikuwa na kidonda chake pembeni, na kidonda hicho kilikuwa kinaitwa ziada. Betri zake zilikuwa zinajaa saa nne asubuhi. Kuanzia hapo mpaka saa kumi jua linawaka, paneli ziko tayari, na umeme hauna pa kwenda. Shirika lilikuwa halinunui. Ziada yote ilikuwa inapotelea juu ya bati, na yeye amekaa chini yake anaumwa tumbo. Alipomsikia yule dada akisema maji ya moto, hakuona mkono. Aliona tangi.

"Nitakutengenezea maji ya bure," alimwambia mkewe. "Ziada yote itaingia kwenye maji. Utakuwa unaoga kama malkia."

Lilimchukua wiki tatu. Alitafuta tangi la lita mia, akatoboa, akatia koili ya kuchemshia, akafunga kifaa kidogo ambacho kazi yake ni moja tu: betri zikijaa, kinachobaki kwenye paneli kinapelekwa kwenye maji. Kwa kweli alijua kazi yake, tusimnyime. Ila wiki hizo tatu zote mkewe alikuwa anaomba sufuria moja ya maji ya moto, naye anajibiwa kwamba gesi ni ya kupikia. "Subiri kidogo. Ya bure yanakuja." Mama Pindo kwa mkono mmoja hakuweza kuwasha jiko wala kuteremsha sufuria, kwa hiyo alisubiri. Nikifika hapa huwa nataka kumkamata yule mzee kola. Na ajabu ni kwamba ukimuuliza yeye, wiki zile alikuwa anahangaika kwa ajili ya mkewe.

Siku ya kwanza maji yalifika nyuzi arobaini na moja. Alibeba beseni mwenyewe, akapiga magoti sakafuni na umri wake ule, akautia mkono wa mkewe majini taratibu. Mama Pindo akafumba macho. Wakaendelea hivyo siku tisa, na siku ya kumi kidole gumba kikacheza. Kidogo tu, lakini kilicheza. Mama Pindo alilia kwa furaha, na jioni ile alimwambia binti yao kwenye simu kwamba baba yake, pamoja na wehu wake, ana kichwa.

Yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Sheria zikaanza. Kuanzia saa nne hadi saa tisa pasi isiguswe. Redio isiguswe. Friji ikazimwa, kwa sababu ilikuwa inakula kitu ambacho kingeingia kwenye tangi. Na maji yakiiva, anatangulia kuoga yeye, eti kupima. Anatoka bafuni mwekundu macho, anang'aa, kisha mkewe anapewa yaliyobaki. Usiku tangi lilikuwa linapoa, na kupoa huko kulimuuma. Akatoa blanketi kitandani kwa mkewe akalizungushia tangi, akalifunga kamba.

"Na mimi?" Mama Pindo akauliza.

"Wewe unaye mimi."

"Afadhali ningekuwa tangi," akasema Mama Pindo, akajifunika kanga mbili.

Pamoja na blanketi, asubuhi maji yalikuwa baridi. Badala ya kubandika sufuria, Bwana Mita akapiga hesabu. Robo saa ya asubuhi na robo saa ya jioni jumla yake ni nusu saa. Basi akae nusu saa alasiri, maji yakiiva, mambo ni yale yale. Mkewe alimwambia yule dada alisema mara mbili. Akajibiwa kwamba yule dada hana sola.

Mwezi wa tatu wa ile miezi sita mawingu yakashuka. Siku ishirini na nne mfululizo anga lilikuwa la kijivu, betri zinajaa kwa shida jioni, na ziada hakuna. Kila siku saa tisa Mama Pindo alikaa kwenye kigoda cha bafuni, taulo begani, mkono mapajani. Kila siku mumewe alitoka stoo akitikisa kichwa.

"Leo hakuna ziada."

"Sikuomba ziada. Niliomba maji."

"Kesho kutapambazuka vizuri."

Binti yao, aliyekuwa anauza dawa katika duka la mji wa jirani, alikuja siku ya kumi na tano ya mawingu hayo. Alimkuta mama yake anakunjua vidole vya kulia kwa vidole vya kushoto, kwa nguvu, anauma meno. Kidole gumba kilikuwa kimegoma tena. Binti hakupiga kelele. Alitoka, akarudi na birika la umeme likiwa bado kwenye boksi lake.

"Baba, hili linachemsha kwa dakika nne."

"Hilo ukilichomeka linamaliza betri. Itabidi nirudishe waya wa shirika."

"Rudisha."

"Hapa hatununui joto."

"Baba, hii si anasa. Ni mkono."

"Mkono wa nani? Wa mke wangu. Nani kamjengea tangi? Wewe?" Akalichukua birika, akalifungia kabatini, ufunguo akautia mfuko wa shati. Binti alimtaka mama yake waondoke wote siku ile ile. Mama Pindo akakataa. Alisema ana nguo za watu humu ndani, vitambaa vilivyokatwa nusu, hawezi kuvikimbia. Na alisema jambo jingine, kwa sauti ya chini, baba asisikie: kwamba mawingu hayawezi kukaa milele, na mzee akipata jua lake atatulia. Miaka mingi sana alikuwa akimtetea yule mwanamume, mpaka ilikuwa inamtoka mdomoni yenyewe.

Mwezi wa nne walikwenda kliniki. Dada wa mazoezi akaunyoosha mkono, ukagoma. Akawatazama wote wawili.

"Nyumbani mnafanya?"

Bwana Mita akawahi kujibu. "Kila siku ambayo jua lipo."

Yule dada akacheka, akidhani mzee ana utani. Kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka. "Imebaki miezi miwili, mama," akasema. "Nakuomba usipoteze hata siku moja."

Na kweli jua likarudi. Likarudi kwa hasira, tangu saa moja asubuhi bati linalia. Siku ya kwanza maji nyuzi arobaini na tatu. Siku ya nne, hamsini na tano, ikabidi wachanganye na ya baridi. Kidole gumba kikaamka, na cha shahada kikajaribu kukifuata. Mama Pindo alianza kusemesha watu dirishani. Alimwambia mteja mmoja asipeleke kitambaa chake kwingine, angoje.

Siku ya sita, saa sita mchana, maji yakafika nyuzi sitini, na ile swichi ya joto iliyomo ndani ya tangi ikakata, kama inavyotakiwa kukata. Ziada ikakosa tena pa kwenda. Bwana Mita alisimama mbele ya kioo chake akaiona namba inashuka hadi sifuri na jua bado liko utosini. Saa sita mchana! Aliteseka kuanzia hapo mpaka jioni. Akawa anatoka nje, analitazama jua, anaingia, anakitazama kioo, anaguna.

Kesho yake asubuhi alipanda juu ya kiti, akafungua kifuniko cha tangi, akaitoa ile swichi na kuunganisha nyaya mbili zilizokuwa zinapitia humo. Sasa koili haina wa kuikataza. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono iliyotulia, na alijua vizuri anachokifanya. Enzi zake, akikuta mtu amefanya hivyo kwenye hita ya nyumba yake, alikuwa anaandika taarifa kwa wino mwekundu na umeme unakatwa siku hiyo hiyo. Hakumwambia mtu. Wa kumwambia ni nani, wakati mkewe alikuwa anaita kila kitu mle stoo "vidude vyako"?

Ilikuwa Jumamosi. Kinyozi wa mtaa, aliyekuwa na mpango wa kufunga sola kwenye kibanda chake, alikuja saa tisa na shemeji yake kuangalia mtambo. Bwana Mita alivimba. Aliwaingiza stoo, akawasimamisha mbele ya kioo, akaanza somo.

Bafuni, ukuta wa pili, Mama Pindo alikaa kwenye kigoda chake. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, nayo ilitungwa na mzee. Maji ya mwanzo kwenye bomba huwa ya baridi, na kuyamwaga mpaka ya moto yafike ni upotevu, kwa hiyo hayamwagwi. Beseni linawekwa chini ya bomba, mkono unatiwa humo tangu mwanzo, maji yanapanda joto huku mkono umo, na yeye mzee anasimama pembeni na kipima joto, anatia ya baridi au anafunga. Leo mzee alikuwa na wageni, hata kuoga hakuoga. Mama Pindo alijaribu maji kwa mkono wa kushoto, yakawa baridi kama kawaida. Akautia wa kulia.

"Fungua mpaka mwisho, uache," mumewe akaita kutoka stoo. "Nataka waone tangi likivuta."

Akafungua mpaka mwisho, akaacha. Akashika ukingo wa kigoda kwa mkono wa kushoto, akageukia dirisha ambalo jua lilikuwa linaingia, akaanza kuhesabu dakika zake kimoyomoyo, kama alivyofundishwa. Mvuke ukapanda, akafurahi. Aliwaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, mzee hakupunja. Mkono wa kulia haukumwambia kitu. Alipofika mahali ambapo ni lazima aanze kunyoosha vidole, akautumbukiza wa kushoto kuusaidia wa kulia, na wa kushoto ukaruka wenyewe nje ya maji.

Alipiga ukelele mmoja.

"Ngoja kidogo, mama," Bwana Mita akasema, bila kugeuka. "Wanasoma namba."

Aliyekwenda ni kinyozi. Ndiye aliyemkuta amesimama, ameuinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, ngozi imeachia kuanzia kwenye kifundo na kuning'inia. Na usoni hakuwa na maumivu ya mkono ule, kwa sababu hakuyasikia. Alikuwa anautazama tu, kama anavyotazama fundi nguo iliyoungua na pasi. Kinyozi alimfunga kwa taulo lililoloweshwa, wakamkimbiza hospitali na gari la shemeji.

Mapokezi muuguzi akauliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Wengine wote wakababaika. Bwana Mita akajibu papo hapo.

"Themanini na nne."

Alilisema kwa sauti safi, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua darasani. Muuguzi akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi, kisha akaandika.

Mkono ulifungwa bandeji wiki tisa. Ndani ya bandeji hakuna maji, hakuna kunyoosha, hakuna kuguswa. Mwezi wa tano ulipita humo, mwezi wa sita nao ukaingia na kutoka. Bwana Mita alikuwa anakuja kila siku saa za kuona wagonjwa, na baadaye, mkewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alimlisha, akamfungia vifungo, akamchana nywele vibaya. Afadhali angelaaniwa. Mama Pindo, yule wa pini tano mdomoni, alikuwa anamjibu "ndiyo" na "hapana."

Siku ya kufungua bandeji walikwenda wote watatu, wao wawili na binti yao. Dada wa mazoezi alikata kitambaa polepole. Ngozi ilikuwa imeota mpya, ya waridi, imekaza, na ilikuwa imevivuta vidole vyote kwenye kiganja. Akajaribu kukinyanyua kidole gumba. Akajaribu tena. Kisha akauweka mkono ule mapajani kwa mwenyewe, akaufunika kwa kiganja chake.

"Tutauzoeza usizidi kukaza," akasema. "Lakini kushona, mama, tusidanganyane."

Mama Pindo akaitikia kwa kichwa.

Nje, kwenye ngazi za hospitali, Bwana Mita hakuweza kunyamaza. Kunyamaza hakujui. Akaanza kueleza kwamba swichi ameshairudisha, tena mpya, na kwamba ataweka koki ya kuchanganyia, maji yatoke yameshapoa yenyewe, na kwamba kwa hesabu zake tangi la pili likifungwa pembeni ya lile la kwanza, basi haitapotea hata—

"Mimi nilikuomba maji ya uvuguvugu tu," Mama Pindo akasema.

Hakusema kwa ukali. Alimpa binti yake mkoba amshikie, akashuka ngazi, akaingia kwenye teksi ambayo binti alikuwa ameiagiza, na sanduku lake dogo tayari lilikuwa nyuma. Bwana Mita alikuwa hajui habari za sanduku hilo. Mlango ukafungwa, na dirisha halikushushwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, ikawa saa sita na nusu anafungua mlango. Aliita jina la mkewe mara moja, kwa mazoea, kisha akakumbuka. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Hapakuwa na taa iliyowaka, wala redio, wala mtu wa kutumia kitu chochote katika nyumba ile, na juu ya bati jua lilikuwa linapiga. Akaenda stoo. Kioo kilikuwa kinaonyesha namba ambayo hajawahi kuiona tangu apandishe paneli. Na Mungu amsamehe, kabla hajakaa chini na kulia, alichukua kalamu akaiandika.